Kitabu chenye Lebo Nyekundu

Umewahi kuficha kitu cha mtu unayempenda, ukaona hujafanya kosa lolote? Basi sikiliza yaliyompata Kasuku.

Kasuku alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa kule kwao aliamka na maneno na kulala na maneno. Kisha mama yake akapata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kikuu cha nchi ya mbali, wakahama wote wawili. Tangu hapo maneno yakamwishia. Shuleni aliogopa kuchekwa akikosea lugha ya watu. Nyumbani palikuwa na mama tu, na mama alikuwa anasoma.

Kila Jumamosi asubuhi mama alitia mkobani kalamu mbili, daftari lenye jalada la buluu na chupa ya maji, wakaenda kwa miguu mpaka maktaba ya chuo. Kasuku alivaa kofia ya sufu, wala hakuivua hata wakiwa ndani, maana nywele zake zilikuwa na wiki tano bila kusukwa. Kule kwao Jumamosi ilikuwa siku ya kusukwa. Alikaa chini, katikati ya magoti ya mama, akizungumza bila kupumzika, na mama akimjibu huku kitana amekibana kwa meno. Siku hizi akianza kusema jambo, mama humwambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Na hicho kidogo hakiishi.

Kwenye kaunta alikaa mkutubi, mzee mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Siku ya kwanza aliwaeleza masharti yote taratibu. Vitabu vingi mtu huazima akaenda navyo. Chenye lebo nyekundu kiko kimoja tu, kwa hiyo husomwa humo humo ndani. Msomaji huacha kitambulisho chake kaunta, akarudishiwa akikileta kitabu. Mama alisikiliza neno kwa neno. Kasuku hakusikia hata nusu, kwani alikuwa akikitazama kile kiwiko.

Jumamosi hiyo mama alichukua kitabu chenye lebo nyekundu. Kazi yake ya kuandika ilitakiwa Jumatatu, na bila kitabu hicho isingekamilika. Ilipofika saa sita akainuka kwenda msalani, akamwambia binti yake amtunzie kitabu asiondoke hapo.

Kasuku akakitazama. Akawaza kwamba mama akikosa cha kusoma, watarudi nyumbani mapema. Hakuwaza zaidi ya hapo. Akakikumbatia kifuani, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akakichomeka kati ya vitabu vinene vya madaraja na barabara. Kisha akashuka mbio, akaketi mkono shavuni.

Mama aliporudi aliuliza kitabu kiko wapi.

"Sijui, mama. Nilisinzia."

Mama akainama chini ya meza. Akaukung'uta mkoba. Akapekua kitoroli cha vitabu vilivyokwisha kusomwa. Mwishowe akaenda kaunta, Kasuku nyuma yake. Mkutubi alisikiliza, akashusha sauti. Alisema hawezi kumrudishia kitambulisho, na bila hicho mama haruhusiwi kuingia maktaba wala chumba cha mtihani. Kitabu kisipopatikana kabla ya kufunga saa kumi, itambidi yeye mkutubi aandike barua kwa ofisi ya chuo.

"Sikushuku, mama," alisema. "Lakini kimeandikwa kwa jina lako."

Mama alitaka kujibu, ile lugha ya watu ikamkimbia. Akaliweka daftari la buluu juu ya kaunta, akaliinua, akaliweka tena. Halafu akasema kwa lugha ya kwao, polepole, kama aliye peke yake, "Watasema wageni ni wezi."

Kasuku alikuwa amejiandaa kumwona mama akikasirika. Hakujiandaa kumwona amenywea hivyo.

"Mama, sikusinzia," akasema. "Nimekificha mimi."

Kisha akamgeukia mkutubi, akamweleza kwa lugha ya pale alikokipeleka, akikosea hapa na pale bila kujali.

Wakapanda wote watatu. Loo, rafu za ghorofa ya tatu zilikuwa zinafanana kama mapacha, na Kasuku akashindwa kuitambua yake. Mkutubi hakumfokea. Alimuuliza alisikia nini alipokuwa amesimama pale. Kasuku akafumba macho, akakumbuka bomba lililokuwa likikoroma ukutani.

"Bomba hilo nalijua," mkutubi akasema. "Mwaka wa tatu huu naliombea fundi."

Akawapeleka hadi kwenye bomba. Akapitisha kidole kwenye namba za vitabu, moja baada ya nyingine, kikasimama. Lebo nyekundu ilikuwa pale.

Mama alishusha pumzi, akaketi kwenye ngazi. Mkutubi akamkabidhi kitabu, akamwambia kitambulisho chake kinamngoja kaunta akimaliza kusoma, kisha akamwinamia Kasuku.

"Humu mna vitabu laki tatu, binti. Kikihamishwa kimoja bila kusema, kimepotea, hata kama kiko humu humu. Wewe umesema, ndiyo maana tumekipata. Jambo linalokuuma ni hivyo hivyo. Ukilificha, mama yako atalitafuta kwenye rafu gani? Liseme mapema, kabla halijamuumiza mtu. Na Jumamosi ijayo utakuja kunisaidia kusukuma kitoroli."

Kasuku akaitikia kwa kichwa. Mkutubi akashuka na sweta lake, akawaacha.

Mama alikiweka kitabu magotini, lakini hakukifungua. Akamvuta mtoto karibu.

"Ulikuwa unataka nini, Kasuku?"

Kasuku akavua kofia. Nywele zikasimama huku na huku.

"Nilitaka unisuke, mama," akasema. "Na nikiongea, unijibu."