Siku Huzaifa Alipotoa Mkono

Kila alasiri, mara tu alipotoka shule, Faudhia alivua sare, akala ugali wake harakaharaka, kisha akaenda uani kusimamia korosho. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na pale kijijini Naipingo kila nyumba ilikuwa na turubai lake limetandazwa juani. Faudhia alikuwa na kazi mbili: kuzigeuza korosho zikauke sawasawa, na kumchunga mdogo wake, Huzaifa, asizitie mdomoni. Hii ya pili ndiyo iliyomtoa jasho.

Huzaifa alikuwa na miaka miwili na miezi minane, na mikono yake haikujua kutulia. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yanayobabua midomo, lakini mtoto wa umri ule atayajulia wapi hayo? Ukimfukuza upande huu, yu upande ule. Faudhia alimbembeleza, wapi! Alimfokea, wapi! Siku moja, kwa kuchoka tu, akasema, "Haya, weka mdomoni uone! Daktari wa koti jeupe anakuja na sindano kubwa akuchome!"

Huzaifa aliidondosha korosho palepale, macho yamemtoka. Faudhia alijiona mjanja kweli. Tangu siku hiyo, sindano ikawa ndiyo fimbo yake. Huzaifa akikataa kuoga, sindano. Akilia mama anapokwenda shamba, sindano. Pikipiki ikipita barabarani, Faudhia alitega sikio na kunong'ona, "Huyo anakuja," na mtoto akajibanza nyuma ya mlango, kimya kabisa. Wala Faudhia hakuwa peke yake. Nusu ya watu wazima wa Naipingo walilea watoto wao hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kosa.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Huzaifa alianza kupoa. Hakulikimbilia tena turubai. Alikaa kivulini akichota udongo na kuula, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Mama yao, Zaina, alimpeleka zahanati. Mganga alimfunua kope la chini, akaangalia na viganja, akatikisa kichwa.

"Mama, mtoto huyu damu yake ni kidogo," alisema. "Lakini imeshuka kiasi gani, siwezi kukwambia kwa kumtazama tu. Kesho mpeleke Nachingwea mjini akapimwe. Ikiwa imeshuka sana, itabidi aongezewe damu. Ikiwa haijafika huko, atapewa dawa. Msicheleweshe."

Kesho yake mama aliomba ruhusa kwa mwalimu ili Faudhia amsaidie kumbeba mtoto. Walipokuwa wanapanda bodaboda, Huzaifa aliuliza wanakwenda wapi. Mama akamjibu upesi, "Kwa mama mdogo, kunywa juisi." Mtoto akatabasamu njia nzima, na Faudhia akageuza uso pembeni asimwangalie.

Basi, walipofika hospitali na mlango wa maabara ulipofunguliwa akatokea mtaalamu mrefu mwenye koti jeupe, unafikiri nini kilitokea? Huzaifa alipiga ukelele uliosimamisha watu wote barazani. "Indano! Daktari indano!" Nguvu alizokosa kwa wiki mbili zote zilimrudia mara moja. Alirusha mateke, akalipiga sinia, vichupa vikabiringika hadi chini ya meza. Mama alimshika miguu, muuguzi akamshika mabega, Faudhia akabaki ameshikilia kiatu. Ikawa patashika. Mtoto alitweta mpaka midomo ikapauka zaidi.

Mtaalamu yule, aliyeitwa Saturnini, aliweka sindano mezani bila kuitumia. "Tumwache apumzike," alisema. "Nikilazimisha nitamuumiza bure, na damu nitakayoipata huenda isifae kupimwa. Daktari wa zamu amemwona, amesema anaweza kusubiri hadi kesho asubuhi. Lakini kesho lazima tuipate hiyo damu, mama. Bila kipimo hatujui tumtibu vipi."

Kisha akainama kuokota vichupa, akauliza kwa upole, "Sindano haijamgusa hata kidogo. Anachoogopa ni mimi. Nani amemfundisha kuniogopa hivi?"

"Ah, watoto wa siku hizi, daktari, wanazaliwa na woga wao," mama alijibu huku akijipangusa jasho.

Faudhia alikuwa anajua jibu. Alitazama vidole vya miguu yake, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Walifikia kwa mama mdogo, palepale mjini. Huzaifa akalala kwa uchovu. Wakati wa kuosha vyombo, Faudhia alimweleza binamu yake Shamimu yaliyotokea, na kwa nini yalitokea.

"Sasa unajisumbua na nini?" Shamimu alisema. "Kesho mwambie mnakwenda kununua pipi. Akija kushtuka, tayari kashachomwa."

"Leo tumemwambia juisi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho hata tukimwambia tunakwenda kuzimu atatuona waongo," Faudhia alijibu, na hapo machozi yakamlenga. "Na asipopimwa je, Shamimu? Kama damu yake inaendelea kushuka?"

Faudhia alifuta mikono, akamwendea mama aliyekuwa ameketi kando ya mtoto, akamwambia yote: korosho, pikipiki, koti jeupe. Alitarajia kofi. Mama alimvuta, akamketisha karibu yake.

"Mimi mwenyewe nimekusikia ukimwambia, nikanyamaza kwa kuwa iliniondolea kelele. Na bibi yako alinilea kwa sindano hiyohiyo. Mpaka leo nikiona koti jeupe, natafuta mlango wa kutokea." Akamtazama binti yake. "Sasa tufanyeje?"

"Naomba niende nikamuulize yule daktari."

Saa tisa alasiri Faudhia na Shamimu walisimama mlangoni pa maabara. "Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Wewe si dada wa yule bondia wangu?"

"Ndiyo. Na ni mimi niliyemfundisha kukuogopa." Alilitoa neno hilo kwa mkupuo, maana angesita kidogo asingelisema. Kisha akaeleza.

Saturnini hakukasirika. Alivuta stuli mbili, akawakaribisha. "Wanaokuja hapa wamefundishwa hivyo ni wengi, ila aliyekuja kuniambia ni wewe wa kwanza," alisema. "Sasa sikiliza. Mwambie ukweli wote. Mwambie itauma, kidogo, halafu itakwisha. Ukimwambia haiumi, ikishauma hatakuamini tena. Mwache alie akitaka, kulia si kosa, ilimradi mkono usitikisike. Apakatwe na mama, asilazwe na kukandamizwa. Asubuhi anywe maji ya kutosha, mshipa uonekane vizuri. Na mtafutie kazi ya kufanya."

Akafungua kabati, akampa bomba jipya la sindano lisilo na sindano yenyewe, kipande cha mpira wa kufungia mkono na pamba. "Nenda ukamfundishe upya. Uliweza kumfundisha woga, na hili utaliweza."

Haikuwa rahisi kama ilivyosemwa. Huzaifa aliamka, akaliona lile bomba, akalitupa uvunguni. Faudhia aliingia uvunguni akalitoa. Likatupwa tena. Mara ya tatu hakulitoa. Alikaa sakafuni mbele ya mdogo wake.

"Huzaifa, nilikudanganya. Daktari hachomi watoto kwa sababu ya korosho. Wala haji na pikipiki. Yule wa leo anataka kuona damu yako ili ajue dawa gani ya kukupa, upone, ucheze. Nisamehe."

Sijui mtoto wa miaka miwili na ushei huelewa kiasi gani cha maneno kama hayo. Lakini Huzaifa alimwangalia dada yake muda mrefu, kisha akauliza, "Inauma?"

"Inauma. Kidogo. Halafu inakwisha." Faudhia alijifinya mkononi, akasema "Ai!" akahesabu moja mpaka kumi, akacheka. "Umeona? Imekwisha."

Huzaifa mwenyewe ndiye aliyeingia uvunguni. Alitoka na bomba mkononi na utando wa buibui kichwani, akamfunga dada yake mpira, akamsugua kwa pamba, akambonyeza kwa nguvu. Faudhia alisema "Ai!" na wakahesabu pamoja. Baada ya hapo hakuna aliyesalimika. Alimpima Shamimu, akampima mama, akampima mama mdogo aliyekuwa ameshika mwiko jikoni, na jirani aliyekuja kuomba moto naye akakunja mkono wa gauni akapimwa. Jogoo tu ndiye aliyekimbia. Jua lilipozama, Huzaifa aliweza kuhesabu mpaka kumi, ingawa saba aliiruka kila mara.

Asubuhi, alipokwisha kunywa vikombe viwili vya maji, waliondoka kwa miguu. Walipolikaribia lango la hospitali, Huzaifa alisimama. Alimshika Faudhia sketi.

"Dada, kuna indano?"

Faudhia alihisi macho ya mama na ya Shamimu yakimwelekea. Neno "hakuna" lilikuwa tayari ulimini, jepesi, tamu. Angelitamka, wangepita lango kwa amani. Badala yake alipiga magoti vumbini.

"Ipo," alisema. "Nitakuwa pale mpaka iishe."

Huzaifa alianza kulia. Shamimu aligeuka akanong'ona, "Si unaona sasa!" Mama aliuma mdomo. Lakini mtoto hakukimbia. Alilia kwa sauti huku anatembea, akapita lango huku analia, akaingia maabara huku kamasi zinamtiririka, kisha akapanda mapajani mwa mama bila kubebwa.

Saturnini alikuwa amelitundika koti lake ukutani. "Karibu, bondia. Nani atanishikia pamba?"

Kilio kikakatika nusu. Huzaifa aliipokea pamba kwa mkono wa kushoto. Faudhia akakaa mbele yake, uso kwa uso. Mpira ukafungwa. Mama alimkumbatia, naye mwenyewe akafumba macho.

"Sasa itauma," Faudhia alisema. "Tuhesabu. Moja..."

Sindano iliingia. Huzaifa alipiga yowe, mwili mzima ukatetemeka, lakini ule mkono, ule mkono wa kulia, ulikaa mezani palepale ulipowekwa. "Mbii! Tatu!" alihesabu kwa kulia. Damu ikapanda kichupani. "Nne! Tano! Sita! Nane!"

"Imetosha!" Saturnini alisema. "Pamba, fundi!"

Huzaifa akaibandika mwenyewe. Muuguzi aliyekuwa mlangoni alipiga makofi, na barazani watu wakapokea bila hata kujua wanamshangilia nani. Faudhia alicheka, akalia, akacheka tena. Hakuwa amewahi kufurahi vile maishani mwake.

Majibu yalitoka kabla ya adhuhuri. Damu ilikuwa saba nukta sita, nayo hutakiwa kufika kumi na moja: imeshuka, lakini haikufikia pa kuongezewa. Daktari wa zamu aliagiza dawa ya minyoo, dawa ya maji ya kuongeza damu, mboga za majani, dagaa na maharage kila siku, na viatu miguuni kila aendapo shambani, maana minyoo inayonyonya damu huingilia nyayoni. Warudi baada ya wiki nne.

Wiki nne zilipotimia, Huzaifa alikuwa ameacha udongo na kuanza upya kumkimbiza dada yake uani. Pale mjini aliteremka kwenye bodaboda mwenyewe, akapita mbele ya foleni nzima ya watu wazima, akafika kwenye meza ya maabara na kunyoosha mkono wa kulia kabla hajaulizwa. Safari hii alisema "Ai!" moja tu. Kipimo kilisoma kumi nukta moja. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, akamwinua mtoto juu mpaka akagusa kizingiti cha mlango.

Saturnini alimgeukia Faudhia. "Dawa imefanya kazi yake, lakini dawa isingetolewa bila kipimo, na kipimo kisingepatikana bila wewe," alisema. "Kumtisha mtoto kwa daktari ni kumfukuza mbali na mtu atakayemhitaji siku akiugua. Na kumdanganya ili anyamaze ni kumnyima mtu wa kumwamini siku anapoogopa. Wewe ulikosea yote mawili, ukakiri, ukamwambia ukweli hata pale uongo ulipokuwa rahisi zaidi. Ndiyo maana alikupa mkono wake."

Faudhia alitabasamu, akataka kujibu, lakini hakupata nafasi. Huzaifa alikuwa amekwisha kumpanga Saturnini kwenye kiti, amemkunja mkono wa shati, na anamsugua kwa pamba.

"Itauma," alimwambia kwa uso wa kazi. "Kidogo."