Mlinzi Aliyefungiwa na Mashati

Jumatatu asubuhi Shufaa alifika kwenye ghala moja la mtaa wa Turffontein, Johannesburg, kumhoji mlinzi aitwaye Pitchou. Akamkuta amekufa. Jacques, fundi cherehani aliyefungua kontena lililokuwa uani, alikuwa ameketi chini kando ya mlango. Ndani, mlimokuwa na joto la kukosesha hewa, Pitchou alilala juu ya maboksi ya mashati, ngumi zake zimechunika kwa kugonga mlango.

Shufaa alikuwa mpelelezi wa forodha, mzaliwa wa Johannesburg kwa wazazi wa Tanga. Ijumaa Pitchou alikuwa amempigia simu: mashati kutoka China yalikatwa lebo, yakashonewa nyingine zilizosema yametengenezwa Afrika Kusini. Marekani na China zilikuwa zikipandishiana ushuru, na kwa lebo hizo mzigo ungepenya Marekani kwa ushuru nafuu.

Polisi walimkamata Mansour, Mzanzibari mwenye mzigo.

"Mashati ni yangu, sikatai," alimwambia Shufaa kituoni. "Théodore, wakala wangu, alisema amepata mnunuzi wa jumla. Sikuuliza wa wapi. Lakini dada yangu, Jumamosi kutwa nilikuwa msibani, mtaa wa Mayfair. Waulize watu."

Shufaa aliwauliza, wakathibitisha. Akarudi kwa Jacques.

"Lebo tulishona sisi, mama," Jacques alikiri. "Théodore alituambia ni halali. Jumamosi saa sita mchana umeme ukakatika mtaa mzima, cherehani zikazima, tukaenda nyumbani. Pitchou tulimwacha mzima, kontena liko wazi."

"Umeme ulirudi lini?"

"Jumapili."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na saluni ya Jocelyne, mke wa Pitchou. Wikendi mumewe alikuwa akilala kazini, kwa hiyo hakuwa amemtafuta.

"Jumamosi mchana muziki ulilia mule kwa nguvu, hata wateja wangu wakalalamika," alisema. "Nikasema eish, leo bwana yangu ana furaha." Akamshika Shufaa mkono. "Kumbe alikuwa anagonga?"

Shufaa aliubana mkono ule. Alivuka barabara akiwa ameuma meno kwa hasira.

Théodore alifika alasiri kwa bakkie, pikapu yake, spika kubwa mbili zimefungwa nyuma. Sajenti wa polisi, Jacques na Jocelyne walikuwa wamesimama uani.

"Jumamosi nilipita saa tisa, nikafunga kontena," alieleza kwa upole. "Sikujua kuna mtu. Pitchou alikuwa amefungulia redio ya ofisini kwa sauti kubwa. Hata angegonga nisingesikia."

"Redio ipi?"

"Ile iliyochomekwa ukutani."

"Saa tisa mtaa huu haukuwa na umeme, bwana Théodore. Muziki ule haukutoka ukutani. Ulitoka kwenye bakkie yako."

Théodore aliangalia spika zake, akaangalia lango. Sajenti alikuwa ameshasimama hapo.

"Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba amewaita forodha!" alifoka. "Alitaka nijisalimishe. Nilitaka akae ndani mpaka lori lichukue maboksi yaliyobaki ghalani, basi. Lori halikuja, nikaogopa kurudi. Wamarekani na Wachina wanagombana, sisi tule nini? Vita ni vyao!"

"Na Pitchou alikuwa anapigana na nani?" Shufaa aliuliza. "Ulimsikia akigonga?"

"Nilimsikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikaongeza sauti."

Jocelyne alipiga ukelele. Jacques alimkumbatia, naye Sajenti akamtia Théodore pingu.

Simu ya Shufaa ikaita. Mkubwa wake alitaka kujua mashati mangapi yamekamatwa. Ubalozi wa Marekani ulikuwa ukisubiri jibu.

"Waambie amekufa mtu," Shufaa alisema. "Anaitwa Pitchou. Mashati nitayahesabu kesho."

Akakata simu, akaenda kusimama na Jocelyne.