Diski Iliyogoma Kuamka Mbele ya Baba Mkwe

"Bado?"

"Bado kidogo."

"Hiyo bado kidogo yako naisikia tangu tumalize kula, mume wangu. Baba ameshamaliza chai. Anaikodolea macho televisheni nyeusi kama anasoma ukuta!"

Fundi alikuwa amepiga magoti stoo, kichwa chini ya rafu, simu yenye tochi ameibana begani. Watu walimwita Fundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maghorofa. Lifti iliyokwama akiigusa, inapanda. Lakini kompyuta hii, aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya hapa na pale, ilikuwa inamtoa jasho wiki nzima.

Kazi ya mashine hiyo haikuwa kubwa. Itunze filamu, nyimbo na video zote za nyumbani, mtu azifungulie kwenye televisheni ya sebuleni au kwenye simu akiwa chumbani. Isipotumika, ilale. Ikiitwa, iamke. Basi! Badala yake ilikuwa kama mtoto mchanga aliyechanganya usiku na mchana. Ukiitaka, imelala fofofo. Usipoitaka, inaamka yenyewe na kuvuma.

Na leo haikuwa siku ya mchezo. Baba yake Nesi, mkewe, hakuhudhuria harusi yao. Alisema waziwazi: "Simpi binti yangu mtu anayeshinda ananing'inia kwenye nyaya. Nitamzika mkwe kabla sijamzoea." Mama yake Nesi alikwenda peke yake. Mzee hakukanyaga nyumba yao tangu hapo, mpaka juzi alipopiga simu na kusema, bila hata salamu, "Jumapili nakuja. Nataka kuiona hiyo harusi."

Nakala ya video ilikuwa moja tu, ndani ya diski iliyochomekwa nyuma ya mashine ya Fundi.

Nesi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku wodi ya watoto na hajalala hata lepe, alisimama mlangoni mwa stoo mikono kiunoni.

"Sasa shida ni nini hasa?"

"Mashine imeamka. Diski ndiyo haijaamka. Kila folda tupu."

"Jana uliniambia umeshaitengeneza!"

"Jana iliamka."

"Kijana!" Sauti ya mzee ilitoka sebuleni. "Kuna nini huko?"

"Hamna neno, baba!" Fundi alijibu. "Huenda ni wifi tu."

Mzee akauliza, "Wifi yake Nesi? Kafanya nini tena?"

"Siyo dada yangu, baba! Ile ya intaneti!"

"Aah. Mimi nilishangaa. Maana mawifi nao..."

Siku nyingine Nesi angecheka mpaka akae chini. Leo aliingia stoo na kurudishia mlango.

"Nisikilize," alisema kwa sauti ya chini inayokata kuliko kelele. "Kila ukirudi kazini unakuja hapa kwanza. Unaiuliza mashine kama imelala, kama imeamka, kama imepata joto. Mimi nikiingia mlangoni nimechoka kama punda, nani ananiuliza?"

"Mke wangu, sasa si wakati..."

"Wakati wake ni lini? Nimemsubiri baba yangu miaka! Leo amekuja kwa miguu yake, wewe unamwonyesha folda tupu. Kwa nini usingeiacha tu macho siku zote? Nani alikulazimisha kuilaza?"

Fundi alitoa kichwa chini ya rafu. Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ukitoka zamu ya usiku unalala mchana. Kitanda chetu kiko nyuma ya ukuta huu. Ile feni ikianza kuvuma, unageuka, unavuta mto, unajifunika kichwa. Nimekuona. Mashine ikiwa macho, wewe hulali. Ndiyo maana nahangaika nayo. Ningekuwa peke yangu ningeiacha ivume mpaka ife."

Nesi alishusha mikono. Hasira aliyokuja nayo ilikosa pa kukaa.

"Na mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, na yenyewe imenishinda? Lifti nazijua. Hii inanifanya nijione mjinga."

Nesi alichuchumaa karibu naye, akamfuta vumbi kwa kiganja.

"Umebadilisha nini tangu jana?"

"Kila kitu. Muda wa kulala, mipangilio ya umeme, waya..."

"Vyote kwa mpigo? Sasa utajuaje kilichodhuru? Haya, rudisha kimoja kimoja. Tuanze na hiyo ya umeme."

Fundi aliutafuta mpangilio ule kwenye kiskrini kidogo cha pembeni, akausoma, akajipiga paji la uso. Mashine ikilala ilikuwa inakata umeme wa matundu yote ya nyuma ya kuchomekea vifaa, na diski ilikunywa umeme wake kwenye tundu mojawapo.

"Namnyima chakula, halafu nataka aamke acheke!"

Aliurudisha mpangilio, akaizima mashine kabisa kwa utaratibu, akaiwasha upya. Waliinama wote wawili, vichwa vikigusana, wakisikiliza. Feni ikavuma. Halafu, polepole, diski ikaanza kuzunguka.

"Usipumue," alinong'ona Fundi.

"Wewe ndiye unayepumua."

Fundi akaifungua video kwa simu yake, na kutoka sebuleni ukasikika muziki wa harusi yao.

Walipofika, mzee alikuwa ameinama mbele ya televisheni, viwiko magotini. Kwenye skrini binti yake alikuwa anaingia ukumbini, shela jeupe, kicheko mpaka masikioni. Kamera ilipita safu ya mbele, ikakipita kiti kimoja kitupu kilichofungwa utepe.

"Kile ni cha nani?"

"Chako, baba," alisema Nesi. "Watu walikuwa wanasimama kwa kukosa nafasi. Mume wangu akakataa kisikaliwe."

Simu ya Nesi ikaita. Ni mama. Nesi akatoka nayo koridoni.

"Ameiona?"

"Anaiona sasa hivi. Ameuliza kiti ni cha nani, basi, mama. Naogopa atainuka aondoke."

"Haondoki. Mwanangu, kuna jambo alinikataza nisikwambie. Siku ile alivaa suti tangu alfajiri. Viatu akavipiga rangi mwenyewe. Nilipotoka nilimwacha amekaa ukingoni mwa kitanda, ufunguo wa gari mkononi. Niliporudi usiku nikamkuta palepale, na suti yake."

Nesi aliegemea ukuta. Machozi yalimtoka yenyewe, akayaacha.

Aliporudi, alikaa sakafuni na kuegemeza kichwa kwenye goti la baba yake kama alivyokuwa akifanya zamani. Mkono wa mzee ukashuka, ukatulia juu ya nywele zake.

Fundi alikuwa bado amesimama na rimoti, hajui aketi wapi.

"Kaa hapa," mzee alisema, akisogea kumpa nafasi. "Halafu irudishe mwanzo, mwanangu. Pale anapoingia."