Mgeni Asiyeenea Kwenye Kioo

Watu mia nne na kumi na wawili waliifungua tovuti ya Umoja wa Wakulima wa Mpunga mwezi ule, na mmoja tu kati yao alitumia kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, cha kale. Levina Mponda asingemjali, lakini mgeni huyo alifika kila siku saa sita kamili mchana, akafungua ukurasa mmoja tu, ule wenye picha ya Tekla, akakaa humo nusu saa nzima, kisha akaondoka.

Tekla alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Walikodi chumba kimoja cha kulala na kufanyia kazi pale Ifakara, kwenye barabara ya kwenda darajani. Levina alitengeneza tovuti, na Tekla alipokea simu za wakulima. Ndiyo maana picha yake ilikuwa kwenye ukurasa wa mawasiliano.

"Kivinjari hiki hata waliokitengeneza wamekwisha kukitupa," Levina alimweleza Mzee Evarist Ligazio, katibu wa Umoja. "Kurasa zetu hujipunguza zenyewe kufuata upana wa kioo cha simu. Hiki hakijui kujipunguza, mzee. Kila kitu kinamwagika pembeni. Tukifungie tu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Inaonyesha upande wa Mofu."

"Basi ni mwanachama. Mofu wana simu za urithi, binti yangu. Nimeahidi mbele ya mkutano kwamba haachwi mtu. Mshonee kiraka."

Kiraka ni mistari michache ya maandishi ambayo hukifundisha kivinjari cha zamani yale kisiyoyajua. Levina alianza kukiandika Jumatatu, na Tekla akakaa kwenye kompyuta kuukuu kujaribu kila mstari. Jumatano, saa sita ikikaribia, kilikuwa tayari. Levina akaiagiza seva ikiweke hewani Jumamosi saa sita mchana, wakati ambao tovuti haina watu wengi, kisha akatoka kwenda kununua maandazi.

Alipokwisha kuondoka, mtu akabisha hodi mara moja.

Mwanadamu hubisha mara tatu. Anayebisha mara moja, tena jua likiwa utosini, haitikiwi. Hata mtoto wa bonde lile anajua. Lakini Tekla alikuwa amevaa spika za masikioni, anasikiliza muziki, akadhani hodi mbili za mwanzo zimempita.

"Karibu!" akaitika.

Hakuingia mtu.

Levina aliporudi alikutana na harufu ya tope, si la barabarani, bali lile la chini kabisa ya mto, ambalo halijapata kuona jua.

"Nani kaingia na viatu vichafu humu?"

"Hakuna mtu, dada," Tekla alijibu, na sauti yake ilitokea kando kidogo ya mdomo, kana kwamba mdomo haukuitosha.

Kutoka siku ile hawakutulia. Ulikuwa mwisho wa Februari, jua la saa sita linasimama wima, na kivuli cha mtu kinakuwa kama sahani chini ya miguu yake. Cha Tekla kilijaa baraza. Alipopita mlangoni, mwili wake ulipita vizuri, lakini kivuli hakikujibana kumfuata. Kilipanda miimo yote miwili, kikasugua ukuta kwa mchakacho wa gunia linaloburutwa, na vyombo vya jirani vilivyoanikwa uani vikaanguka kimoja baada ya kingine, ingawa upepo haukuwepo. Akila, chakula kilimwagika kando ya midomo. Akilala, kitanda kililia pande zote mbili, kama kimebeba watu watatu.

Ijumaa walimwendea Maalim Zubeiri bin Yusuf, muuza vitambaa, ambaye babu yake alitoka Kilwa na kumwachia vitabu.

"Rozari imeshindwa, mpaka mje kwangu?" aliuliza.

"Tumesali siku mbili, Maalim."

"Haya. Tusaidiane. Mungu hana wivu wa dukani."

Akafukiza ubani, akasoma, kisha akainama sikioni mwa Tekla. "Nani wewe?"

"Agnella wa Mofu," sauti ilijibu.

Maalim akaliita jini kwa jina hilo na kuliamuru litoke. Likacheka.

"Adolf wa Mlimba."

Akaliamuru tena. Likawa Dorika, likawa Theodori, likawa Violeth, na kila jina lilikuja na sauti yake, ya mzee, ya mtoto, ya mwanamke mwenye kikohozi. Maalim alijifuta jasho.

"Jini hushikwa kwa jina," alinong'ona. "Hili linaazima majina ya watu. Nitalikamatia wapi?"

Levina aliijua tabia ile. Kivinjari kinapofika kwenye tovuti hujitaja jina, na tangu zamani vivinjari huazima majina ya wenzao ili visifukuzwe mlangoni. Sasa aligundua kwamba ndilo lile lililokuwa likija kwenye tovuti saa sita.

"Sisi watengeneza tovuti tuliacha kuuliza jina, Maalim," alisema kwa sauti ya chini. "Jina linadanganya. Tunauliza, unaweza nini, na huwezi nini."

"Muulize basi."

Levina akainama sikioni mwa Tekla. "Unaweza kupita palipo pembamba?"

Kwa mara ya kwanza halikujibu. Moshi wa ubani ulilala sakafuni.

"Tuta la jaruba," Maalim alisema. "Lisipoenea, litaanguka."

Jumamosi walikwenda Michenga. Mpunga ulikuwa umesimama majini, na kati ya jaruba na jaruba palikuwa na tuta lenye upana wa unyayo mmoja. Maalim alikaa nyuma akisoma. Levina alitangulia kinyumenyume, amemshika mdogo wake mkono, na jua lilipofika utosini kivuli kile kikaanza kuning'inia pande zote mbili za tuta, kizito, kikigusa maji, na pale kilipogusa maji yakageuka meusi na mpunga ukalala kama umekanyagwa na ng'ombe, na kutoka chini ya magoti ya Tekla sauti zote zile zikaanza kupiga kelele kwa pamoja, Agnella na Adolf na yule wa kikohozi, nazo zilikuwa zinateleza, zinateleza kweli, zikikwaruza udongo wa tuta, na Levina akawaza, bado hatua kumi, Mungu wangu, bado tano.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake.

Kelele zikakatika. Maji yakatakata. Chini ya miguu ya Tekla palikuwa na kivuli kidogo, cha mviringo.

"Alhamdulillahi!" Maalim alipaza sauti. "Limeanguka!"

Tekla alipepesa macho. "Dada, mbona unanibana hivyo? Nina njaa." Sauti yake ilitoka mdomoni, katikati kabisa.

Levina alianza kulia kwa furaha. Kwa mkono ulio huru akaitoa simu ili amwambie mama yao. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa seva: kiraka kimewekwa, saa sita kamili.

Kiraka alichomshonea mgeni wa saa sita, ili aenee palipo pembamba.

"Tekla," alisema taratibu, "nipigie mluzi."

Tangu utotoni Tekla hakuweza. Alikuwa na pengo mbele, na kila alipojaribu ilitoka pumzi tupu, nyumba nzima ikacheka.

Tekla alimtazama dada yake kwa upole, akakunja midomo, akapiga mluzi mmoja safi, mrefu, uliovuka majaruba yote hadi mtoni. Nyuma yao Maalim aliacha kushukuru.

Levina hakuuachia ule mkono. Ulikuwa na joto, na kovu la mundu kwenye kidole gumba, kovu ambalo yeye mwenyewe alilifunga kitambaa walipokuwa wadogo.

"Twende nyumbani," akamwambia. "Utakula."