Vinyago vya Serikali

Tak Mu-yeong alimrukia yule mtu kwenye ngazi za soko la Namdaemun, wakabingirika pamoja mpaka ndani ya beseni la ngisi.

Mwenye ngisi akamchapa Tak mwiko wa mgongo.

"Ngisi wangu, mwanaharamu wewe! Nani atalipa?"

"Serikali, mama."

"Serikali! Basi nimekwisha."

Tak hakuwa na muda wa kubishana naye. Alimkandamiza yule mchukuzi wa magendo kwa goti, akamwekea Walther PPK sikioni.

"Taji liko wapi?"

"Sijui."

Tak akaondoa kifungo cha usalama cha bastola. Sauti yake ilikuwa ndogo, ila sikio lilikuwa karibu.

"Limekatwakatwa!" yule bwana akapayuka. "Vipande kumi na vitatu. Vinaondoka leo kwa ndege, pamoja na vinyago vya ngoma ya Solgae. Zaidi ya hapo sijui, haki ya Mungu!"

Tak akamfunga pingu kwenye nguzo, akarudi mbio kwenye gari.

Mwaka ulikuwa 1976, na serikali ilikuwa imeamua kwamba kila Mkorea awaonee fahari mababu zake. Kwa amri. Kwa ratiba. Taji lenyewe lilikuwa la dhahabu, la malkia wa kale, lilifukuliwa Gyeongju masika ile, likaibwa ghalani kabla hata halijapigwa picha. Aibu iliyoje! Nchi nzima inaimbishwa urithi asubuhi na jioni, na urithi wenyewe umetoroshwa.

Tak, miaka thelathini na minne, jasusi wa Idara ya Tisa, aliwasha Pony mpya iliyokuwa bado inanuka rangi. Redio ya Motorola ikakoroma.

"Bakuli kwa Kijiko."

"Kijiko nasikia, mkuu."

"Kiongozi wa Solgae ni Bong Tae-sik. Ndege yao saa kumi na moja. Mkamate kabla haijaruka. Uhaini."

"Ushahidi?"

"Utapatikana akishakamatwa."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi Idara ya Tisa. Tak alikanyaga mafuta.

Uwanja wa maonyesho ulikuwa kando ya mto Han, na jua la saa saba lilikuwa kali. Kikundi cha Solgae kingecheza mara ya mwisho hapo, kiagwe na wakubwa, kisha moja kwa moja Hamburg, kuwaonyesha Wazungu kwamba Korea ina utamaduni. Mzee Bong alikuwa ameketi kwenye mkeka, akijifunga mikono mirefu myeupe ya vazi la ngoma. Alikuwa na miaka sabini na moja. Aliangalia viatu vya Tak kwanza, uso baadaye.

"Viatu vinang'aa. Wewe ni wa Idara."

"Mwalimu Bong..."

"Usiniite mwalimu. Ningekuwa nimekufundisha mimi, ungevua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wangu."

Tak akavua viatu.

Mbele ya mzee vilipangwa vinyago kumi na vitatu vya karatasi, kila kimoja na namba ya shaba kisogoni. Huko Solgae kinyago hutengenezwa kwa ngoma moja tu. Kikishavaliwa kinabeba nuksi za mwaka mzima, kwa hiyo ngoma ikiisha vyote vinarundikwa katikati, vinachomwa. Bila moto, ngoma haijaisha.

Hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka 1967 Ofisi ya Orodha iliiandikisha ngoma kuwa urithi wa taifa, ikampa Bong cheo cha Hazina Hai na posho ya mwezi, na vinyago vikawa mali ya taifa. Atakayechoma, miaka miwili jela. Jina la ngoma linafutwa orodhani, na likifutwa, hakuna mtu wa Solgae atakayecheza hadharani tena.

"Miaka tisa vinyago ni hivi hivi," mzee alisema. "Miaka tisa tunajivika uchafu uleule, tunapigiwa makofi. Mwezi uliopita wamevichukua, eti kuviimarisha. Wameviongezea karatasi ndani, vimekuwa vizito, shingo za vijana wangu zimepinda! Nimeandika barua tatu. Tatu! Katika ya mwisho nimeomba ruhusa ya kuvichoma vyote, nitengeneze vingine kwa fedha yangu."

"Umemwandikia nani?"

"Si yule pale, amebeba daftari lake kama kitoto."

Ham Gyeong-do, mkaguzi wa Ofisi ya Orodha, alikuwa amesimama karibu na lori akicheka na Mzungu mrefu mwenye kamera ya Leica shingoni. Huyo waliambiwa ni Bwana Vester, mwenyeji wao wa Hamburg.

Tak akainua kinyago kimoja. Kizito kweli.

Akatulia.

Mtu aliyeficha dhahabu ndani ya vinyago haandiki barua tatu kulalamika kwamba ni vizito. Wala haombi ruhusa ya kuvichoma.

"Weka chini!" Ham alikuwa amefika, anahema. "Hiyo ni mali ya taifa!"

"Nipasulie kimoja. Nataka kuona ndani."

"Upasue urithi? Kuna utaratibu, kijana. Inatakiwa saini ya Ofisi."

"Saini ya nani?"

Ham akatabasamu. Meno yake yalikuwa mazuri, ya gharama.

"Yangu."

Tak akarudi kwenye Pony na kushika redio.

"Mkuu, mtu wetu ni Ham. Naomba ruhusa nipasue vinyago."

"Una nini mkononi?"

"Barua tatu za malalamiko."



"Kijiko, umelewa? Usiguse vinyago. Mkamate mzee ngoma ikiisha. Nimemaliza."

Tak alitukana kioo cha mbele, kisha akarudi kwa Bong, akachuchumaa, akamfunulia karatasi ya amri ya kumkamata, aliyoijaza garini. Mzee akasoma jina lake mwenyewe.

"Dhahabu ya taji imo ndani ya karatasi alizoongeza Ham," Tak alisema kwa sauti ya chini. "Ikikutwa Hamburg, imekutwa kwenye sanduku lako. Ngoma ikiisha, vichome, dhahabu ionekane. Kama zamani."

Bong alicheka kicheko kibaya.

"Nichome mali ya serikali mbele ya jasusi wa serikali? Unaniona mjinga kiasi hicho?"

"Sikutegi, mzee."

"Nikichoma, nafungwa na Solgae inafutwa. Nisipochoma, nanyongwa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mna huruma sana nyinyi watu." Akasimama kwa kujikongoja. "Sichomi. Mkitaka kuiua ngoma ya baba yangu, iueni kwa mikono yenu."

Ngoma ililia.

Walicheza dakika ishirini na nane, kama ilivyopangwa na Ofisi, ingawa baba yake Bong alikuwa akicheza usiku kucha. Mhusika mtumwa, ambaye huwakebehi mabwana zake, alisimama kimya mahali maneno yake yalipofutwa na Ofisi kwa wino mwekundu. Wakubwa jukwaani wakapiga makofi hapohapo, maana ratiba iliwaambia wapige.

Ham alikuwa akiangalia saa. Lori lilikuwa linanguruma.

Ngoma ikanyamaza. Wachezaji wakavua vinyago, wakavirundika katikati ya uwanja, wakasimama kuvizunguka. Miaka tisa walikuwa wakifanya hivyo bila moto, kwa mazoea, kisha wapagazi wa Ham huja kuvikusanya.

Safari hii aliyekuja ni Tak.

Mkono mmoja alishika debe la mafuta ya taa alilolinyakua kwa muuza tambi. Mkono wa pili, kiberiti cha Zippo.

"Ebo!" mtu akasema jukwaani. "Huyu anafanya nini?"

Tak akamimina. Akawasha.

Karatasi ya miaka tisa haikusita. Moto ulipanda mpaka kifuani, umati ukapiga ukelele mmoja, na Mzee Bong akajishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Zima!" Ham alikuja mbio. "Zima, mbwa wewe!"

Mtu wa urithi angeita maji. Ham aliingiza mikono motoni.

Akachomoa kinyago kinachoungua, akakikumbatia kifuani. Karatasi ikapukutika. Kilichobaki kifuani kwake ni bamba jembamba la njano, limekunjwa kama uso wa mtu, linang'aa mchana kweupe.

Uwanja mzima uliliona.

Ham akapeleka mkono kiunoni. Browning. Tak alikuwa na kalamu ya Parker isiyojua kuandika. Akaibonyeza, moshi mweupe ukampata Ham machoni, akaanguka magoti akilia na kukohoa. Tak akaipiga teke bastola ikapotea majanini.

Bwana Vester hakusubiri. Alikuwa ameshapanda lori.

Risasi mbili. Matairi mawili. Lori likalala ubavu.

Vester akashuka, mkono mmoja juu, mwingine unapunga kadi.

"Mimi ni mwanadiplomasia!"

Tak aliigusa kadi kwa kidole gumba. Wino ukabaki kwenye kidole.

"Hongera," akamwambia. "Umekuwa mwanadiplomasia tangu asubuhi."

Robo saa baadaye vipande vyote vilikuwa kwenye beseni la maji. Motorola ya mkononi, aliyoitoa garini, ikakoroma.

"Kijiko, kazi safi. Sasa Ofisi ya Orodha inataka jina la aliyechoma. Mali ya taifa ni mali ya taifa. Mwandike Bong, amri tayari unayo."

Tak aliitoa ile amri, akaikunja, akaitupa kwenye makaa.

"Andika Tak Mu-yeong."



"Ni miaka miwili, kijana."

"Uwanja mzima umeniona, mkuu. Mzee hakugusa kitu. Andika."

Akazima redio.

Nyuma yake Bong alikuwa akiwawakia vijana wake. "Mnatazama nini? Nani anajua duka la karatasi? Nendeni! Na asiniletee mtu namba ya shaba!" Kisha akamgeukia Tak, na sauti ikashuka.

"Usidhani nitakushukuru."

"Sijaomba."

"Machi mwaka jana mpwa wangu Deok-man aliingia kwenye ofisi yenu akiwa mpiga ngoma. Alitoka na mkono usiokunjuka. Ni wewe uliyemvunja?"

"Sikumgusa."

"Ulikuwepo?"

Kudanganya ndiyo kazi yake. Alifundishwa miaka miwili, akafaulu vizuri.

"Nilikuwepo," Tak alisema. "Nilishika mlango."

Mzee akanyoosha kidole kuelekea njia.

"Toka mbele yangu."

Tak akainamisha kichwa na mgongo, kama mtu anavyomwinamia mwalimu wake. Bong alishampa kisogo. Tak akavaa viatu alivyoviacha kando ya mkeka, akatembea taratibu kupita kwenye umati uliompisha njia bila neno, akaingia kwenye Pony. Akatoa risasi zote kwenye PPK, akaziweka kwenye kiti cha pili, akageuza gari kuelekea Idara ya Tisa, ili ajikabidhi kabla hawajamfuata.