Hakuna Aliyeona Wema Akiuawa

Kila Jumamosi Kasilda na mdogo wake Wema walipalilia karanga pamoja, huko Kakese. Kasilda alikuwa akimpitia Wema nyumbani kwake, kisha wanaongozana na majembe begani.

Jumamosi moja Kasilda alibisha hodi. Aliyefungua mlango ni Ponsian, mume wa Wema.

"Shemeji, mdogo wangu yuko wapi?"

"Kaenda Inyonga kwa shangazi yenu. Aliondoka jana alfajiri."

Kasilda alishangaa. Wema hakuwa mtu wa kusafiri bila kuaga. Akampigia shangazi simu.

"Hajafika hapa," shangazi akajibu. "Wala hakuniambia kama anakuja."

Kasilda akapiga simu ya Wema. Ikaita mle mle ndani ya nyumba.

"Aliisahau," Ponsian akasema haraka.

Kasilda akakimbilia kwa jirani, Emelyne.

"Mbona mimi Ponsian kaniambia Wema amelazwa hospitali?" Emelyne akasema.

Kasilda akapiga yowe. Majirani wakatoka kumtafuta Wema. Alasiri walimwona ndani ya kisima cha zamani, nyuma ya shamba la Ponsian. Alikuwa amekufa.

Ponsian akalia kwa sauti. "Mke wangu ameteleza! Tumtoe, tumwoshe, tumzike leo leo."

Wanaume wakaanza kutafuta kamba. Lakini Edina, msaidizi wa kisheria wa kata, akawazuia.

"Msimguse. Msifagie wala kuosha kitu pale nyumbani. Nimeshawapigia polisi."

"Mama Edina, hakuna aliyeona," mzee mmoja akasema. "Kesi bila shahidi itasimamaje?"

"Itasimama, mzee wangu. Anayeua ndani ya nyumba yake mara nyingi haonekani. Lakini upo ushahidi wa mazingira. Ni yale mambo yanayokizunguka kifo: alichosema mtu, alichofanya, alichokutwa nacho. Jambo moja peke yake linaweza lisitoshe. Yakiungana, yote yakamwelekea mtu mmoja tu, mahakama inaweza kumtia hatiani."

Polisi walifika, wakapiga picha, wakaandika. Walikuta mikwaruzo mibichi mikononi mwa Ponsian, wakaondoka naye. Daktari aliuchunguza mwili. Wema hakufa maji. Alinyongwa kwa mikono, ndipo akatupwa kisimani.

Baada ya mazishi, Emelyne alimfuata Edina. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, kuna kitu nilisikia. Lakini sikuona. Nikisema mahakamani si watanicheka?"

"Sema ulichosikia kwa masikio yako. Usiongeze, usipunguze."

"Alhamisi jioni nilikuwa nasonga ugali. Wema akalia, 'Ponsian, unaniua!' Halafu kimya." Emelyne akajifunika uso kwa kanga. "Nilidhani ni kipigo kile kile cha kila siku. Nikaendelea kusonga."

Edina hakumlaumu. Alimshika mkono, wakaenda pamoja polisi kuandika maelezo.

Kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu ilipoketi Mpanda. Wakili wa Ponsian alimuuliza Emelyne, "Ulimwona akiua?"

"Hapana."

"Basi unajua nini?"

"Naijua sauti ya Wema. Tumechota maji pamoja miaka minane. Na kesho yake asubuhi nilimwona Ponsian anafagia uwanja wote mpaka njia ya kisimani. Sijawahi kumwona ameshika ufagio."

Kasilda naye alieleza habari ya simu. Shangazi alitoka Inyonga kuja kusema kwamba hakuwa na mgeni. Daktari alieleza alichokiona.

Siku ya hukumu, jaji alisema polepole.

"Hakuna aliyeona. Lakini mshtakiwa ndiye aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho. Alitoa maelezo matatu, yote ya uongo. Nimejiuliza kama mambo haya yote yanaweza kuwa na maelezo mengine. Sikuyapata. Mahakama inamtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia."

Kisha akasoma adhabu ya kifo, kama sheria ilivyoagiza. Hakuna aliyepiga vigelegele. Kasilda aliinamisha kichwa. Haki ilikuwa imepatikana, lakini Wema hakurudi.

Miezi miwili baadaye, mchana, Emelyne alisikia mwanamke analia nyumba ya tatu kutoka kwake. Safari hii hakungoja. Aliwaita Kasilda na wanawake wengine wawili, wakaenda wakagonga mlango kwa nguvu.

"Hodi! Tupo wengi hapa nje! Fungua!"

Mume akafungua. Wakampita, wakamchukua mkewe, wakampeleka Mpanda, polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Uso wake ulikuwa umevimba. Njiani Emelyne alimshika kiganja, akamuuliza jina lake kamili, ili alitaje vizuri mbele ya afande.

Walipofika mbele ya afande, yule mwanamke akalitamka mwenyewe.