Mtutu wa Oduor

Vénantie ndiye aliyemkuta mumewe, fundi wa bunduki Ludovic, amelala kifudifudi karakanani kwake, katika kitongoji cha Tumba. Risasi ilikuwa imempenya kifuani, ikatokea mgongoni na kukwama kwenye rafu ya mbao. Chumba kizima kilinuka baruti nyeusi.

Mpelelezi Nyokabi aliichomoa risasi kwa uangalifu. Ilikuwa risasi ya duara, laini, ya zile bastola za kisasa zinazoigiza za kale. Katika klabu ya shabaha ya Ludovic, wanachama wawili tu walikuwa na bastola za kipimo hicho: Gitau na Oduor. Walizinunua pamoja, za kiwanda kimoja, zimefanana kama mapacha.

Oduor ndiye aliyemweleza Nyokabi kwamba Gitau alikuwa amegombana na marehemu mbele ya watu. Gitau hakukana.

"Nilimwonea kijicho kwa shabaha yake, afande," alisema. "Lakini sikumuua."

Hakuwa na shahidi wa alikokuwa usiku wa mauaji, akawekwa ndani. Kisha maabara ikajaribu bastola yake. Mtutu wake ulikuwa na mifuo sita, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi; ilikuwa hafifu, na ilichora alama hafifu kwenye risasi. Risasi iliyomuua Ludovic ilikuwa na alama saba, zilizochimbika.

Nyokabi akaenda kitongoji cha Akalla, kwa Oduor na mkewe Roselyn. Oduor akaitoa bastola yake kabatini bila kusita.

"Kama ya Gitau siyo, yangu pia siyo," alisema. "Ni kitu kimoja."

Nyokabi aliondoa silinda, akamulika tochi ndani ya mtutu, akahesabu. Akahesabu tena.

"Ni saba, Oduor."

Oduor alicheka, akasema Nyokabi amekosea kuhesabu. Roselyn hakucheka. Alishika ukingo wa meza, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli risasi ile ilikuwa na saba. Nyokabi akaitikia kwa kichwa.

Hapo Roselyn akaeleza. Siku ya kuzaliwa ya mumewe ilikuwa inakaribia. Alikuwa ameichukua bastola kwa siri na kumpelekea Ludovic, naye akautia mtutu bomba jipya la ndani lenye mifuo saba ya kina, ili Oduor naye alenge vizuri na kushinda mashindano. Kisha akairudisha kabatini; kwa nje hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana alikuwa akienda Tumba jioni bila kumwambia mumewe.

Oduor aliketi polepole.

"Ulikuwa unarudi ukicheka," alimwambia mkewe. "Kila mara. Na ukiulizwa, unasema umetoka kanisani. Nilikufuata mara mbili, nikakuona ukiingia kwake."

"Ungeniuliza," Roselyn alisema.

"Niliogopa utajibu."

Ndipo akakiri kumuua Ludovic. Alijua ugomvi wa Gitau utamfunika, na aliamini hakuna atakayezitofautisha bastola zile mbili. Akanyoosha mikono, Nyokabi akamfunga pingu. Roselyn alivaa koti lake, akasema hasubiri kesho. Anakwenda Tumba sasa hivi, Vénantie asije akasikia kutoka kwa mtu mwingine.